Mtihani wa Lori, Njia ya Modogashe
Si kweli kwamba mwaka wa tisini na nne shemeji yangu aligonga ngamia akitafuta leseni ya lori, leseni iliyobeba kazi yake yote. Yeye hushika gia kwa ncha za vidole, akiisemesha injini kwa sauti ya kumbembeleza ngamia anayekamuliwa. Siku ya mtihani, ngamia walipoziba njia alisimama vizuri, akazima injini, akashuka kumsalimu mchungaji na kumuuliza habari: mvua ya upande wa Hadado, malisho, wagonjwa, mmoja mmoja. Afisa wa mtihani akapiga honi mpaka betri ikaisha.

“Mzee, unataka leseni au habari?”

“Afande, nimpite mtu kimya kama mwizi?”

Akaangushwa mtihani. Afisa na mchungaji wakasukuma lori. Kama baadaye aliipata leseni, hilo ni la nyumba yetu, nami sisemi zaidi.