Kile chuma nilichoapa nilikitoa jichoni mwa mke wangu

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema.

Mimi na mke wangu Akinyi ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Tunaishi Gatina, workshop iko Sarang'ombe. Ana mkono mzuri kunishinda, hilo nimelikubali.

Miezi michache iliyopita alijifungua mtoto wetu wa pili. Alidungwa epidural, ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Mtoto mzima, mimi furaha tele.

Shida ikawa miguu. Ganzi ilipaswa kuisha, haikuisha. Mgongo ukaanza kumuuma vibaya, na vidole vya miguu havisongi.

Daktari akasema huenda damu imevuja ndani, inakandamiza uti wa mgongo. Tukichelewa kuiona, anaweza asitembee tena. Akaagiza MRI haraka, kile kipimo cha mashine ya sumaku.

Nesi akaniuliza kama mgonjwa ana chuma chochote mwilini. Nikajibu hapana, tena kifua mbele.

"Baba Joy, wacha," Akinyi akaniambia pale kitandani. "Kile chuma cha jicho hukukitoa chote. Bado kinanichoma."

Wakuu, nilinywea.

Sisi mafundi chuma kikikurukia jichoni, mwenzako anakutolea kwa pembe ya leso, kazi inaendelea. Mimi ndiye niliyemtolea chake, nikajisifu wiki nzima. Kumbe alininyamazia asinivunje moyo.

X-ray ya jicho ikaonyesha kipande kweli. Sumaku ya MRI ingekisogeza, na jicho lingeweza kwenda.

Basi wakambadilishia kipimo. Wakamdunga dawa ya rangi mgongoni, wakampiga CT scan, isiyo na sumaku. Damu iliyoganda ikaonekana, akaingizwa theatre kupasuliwa mchana huo huo. Nilikaa nje na mtoto mkononi, naogopa hata kumwangalia.

Kesho yake kidole gumba cha mguu kikacheza. Nililia mbele ya manesi bila aibu.

Leo anatembea, polepole lakini anatembea. Kile kipande cha jichoni nacho daktari wa macho alikitoa. Juzi alikuja workshop kwa miguu yake, akanikuta nakata bomba bila miwani.

"We, vaa goggles. Ama unataka nikutolee chuma na leso?"

Nimevaa.

Funzo langu: ganzi isipoisha kwa wakati, piga kelele. Na swali la chuma usimjibie mtu, hata kama ni mkeo.

Mafundi wa humu, nani mwingine alitolewa chuma kwa leso? Semeni hapa, kabla nesi hajawauliza.