Stima ya Shamba la Mkonge

Mwezi uliopita stima ilipotea hapa mtaani Kaloleni mchana, jambo ambalo si habari tena kwa mtu wa Voi. Nilikuwa salonini kwangu, namkausha mteja nywele, drayari ikaninyamazia mkononi. Tukacheka, nikafungua mlango upepo uingie. Halafu mwenye bucha upande wa pili akavuta kamba ya jenereta yake. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Sijui nikueleze vipi. Nilibaki pale pale katikati ya chumba, miguu nimeibana pamoja kama nimefungwa kamba, jasho likinishuka mgongoni. Mteja akaniuliza, "Kwani umeona nyoka?" Nikamwambia ni kizunguzungu tu. Ningemwambia nini, kwamba mtu mzima kama mimi naogopa mashine ya kuwashia friji ya nyama? Yeye nilimdanganya. Wewe kaa hapa nikueleze.

Nililelewa Marungu na Nyanya, mamake mama. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na bati, jikoni pembeni, mbele shamba la pojo na mtama, na nyuma kichaka kilichoendelea mpaka kwenye ardhi za ranchi huko Ndara. Ukiniuliza utoto wangu unanukaje, nitakwambia unanuka moshi wa kuni na kimanga, ile mihogo na kunde vikipondwa pamoja vikiwa bado moto, na unanuka mafuta ya taa. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kufuta glasi ya taa kwa gazeti kuukuu kabla jua halijazama. Nyanya alikuwa mkali kwa jambo hilo. Ndovu walikuwa wakipita karibu, na giza likiingia kabla taa haijawaka alianza kuhesabu watu wa nyumbani kwa sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

Stima hatukuwa nayo, lakini nguzo zake zilipita katikati ya shamba letu. Mwisho wa barabara ya kwetu kulikuwa na shamba dogo la mkonge, ambalo siku hizi halipo, na waya zile zilikuwa zikienda huko. Sisi zilitupita juu tu, kama treni isiyosimama stesheni yetu. Wakati wa joto zilivuma, sauti nyembamba kama ya mbu, ila haikuisha. Nilikuwa nikipalilia chini yake huku nimeinamisha shingo, kana kwamba waya ungenyoosha mkono unishike kisogo. Nyanya alizichukia kabisa. Aliwahi kunichapa kwa sababu nilianika leso kwenye waya mdogo ulioshikilia nguzo. "Ng'ombe akinikasirikia namwona macho," alisema. "Hii nitaiona wapi?"

Na hilo shamba la mkonge lilikuwa na jenereta. Stima ya mbali ikipotea, waliiwasha ili mashine ya kuchana mkonge isisimame. Ilikaa ndani ya kibanda cha mabati karibu na geti, na ikinguruma tuliisikia mpaka nyumbani, du-du-du-du, na moshi mweusi ukipanda. Siku moja tukitoka shule mlinzi alitufungulia mlango tuchungulie. Kilichonitia hofu si kelele. Ni kwamba ardhi ilitetemeka, na mtetemo ule ulinipanda miguuni mpaka magotini. Nilikimbia kuliko wenzangu wote. Tangu hapo nikiisikia tu, popote nilipo, nilikuwa nikitafuta jiwe la kupanda.

Mwalimu wetu wa darasa, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na ya Nyanya, alitufundisha stima inatoka wapi. Alikuwa mtu mrefu, anapenda kuchora, na alichora ramani ya Kenya kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, nchi nzima. Kisha kila mmoja wetu akawa kituo cha kuzalisha umeme. Wengine walijipanga kwenye Mto Tana kwa mpangilio wa maji yanavyoshuka: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mmoja akawa Olkaria, akachuchumaa huku anapuliza mvuke kwa mdomo mpaka akapata kikohozi. Mimi nilichelewa kuchagua, nikapewa Kipevu, ya mafuta, huko Mombasa. Tulishikana mikono, tukawa waya. Mwalimu akasema huko mbali wakizima, waya wote unakufa, hauna kitu ndani. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilienda nyumbani nikamwambia Nyanya kwamba waya unaweza kufa. Yeye aliendelea kupepeta pojo.

Basi mwaka ule mvua za vuli zilikuja na upepo wa ajabu. Bati la jikoni liliruka. Kulipokucha tukakuta nguzo moja imeanguka shambani, na waya umekatika. Kipande cha upande wa barabara kubwa kilijiviringisha juu ya mti. Kile cha upande wa shamba la mkonge kilikuwa kimelala chini, kwenye dimbwi, katikati ya mtama. Majirani walikuja kuangalia wakiwa mbali. Mama jirani, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekuwa rafiki wa Nyanya tangu ujana wao, alisimama kwenye ukingo wa shamba akawazuia watoto kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alikuwa na simu. Alipiga ofisi ya stima Voi, akaongea, akarudi anatabasamu. "Voi nzima hakuna stima," alisema. "Mpaka mbele huko. Waya huu umekufa, msiwe na hofu. Lakini msiuguse, mafundi watakuja." Watu wakapumua, wakaanza kutawanyika. Mimi nilimtazama Nyanya kwa kujivunia, maana si nilimwambia?

Ng'ombe wetu alikuwa amefungwa tangu jana, analia njaa. Nyanya aliacha viatu kwenye sehemu kavu kwa sababu ya matope, akamfungua, akamswaga mbele yake kuelekea malishoni, kupitia pembeni mwa mtama. Hakupita karibu na waya. Ulikuwa bado mbali naye, yeye mwenyewe aliona hivyo na mimi niliona hivyo. Nilikuwa nimesimama kwenye kichuguu kikavu chenye changarawe karibu na jikoni, nakula kimanga cha jana kwa mkono.

Ndipo nikasikia, kutoka mwisho wa barabara, du-du-du-du.

Ng'ombe alianguka bila kulia. Miguu ilimkauka, akaenda chini kwa ubavu, maji yakaruka. Nyanya alikuwa nyuma yake. Aliinua mguu mmoja kumkimbilia, na hapo mwalimu akapiga kelele ambayo sijasikia mtu akiipiga tena.

"Nyanya, simama! Usipige hatua! Miguu pamoja, miguu pamoja!"

Nyanya aliurudisha mguu chini, karibu na mwenzake. Alikuwa mtu wa kubishana na kila kitu, lakini hapo hakubisha. Baadaye alituambia alikuwa ameshaanza kusikia kama siafu kwenye nyayo.

Mwalimu alikuwa amebadilika uso. "Ni jenereta," alisema, na alikuwa kama anajiambia mwenyewe. "Wamewasha jenereta, na hawajatenganisha waya wao na huu wa nje. Inarudisha stima huku, inatambaa ardhini kwenye maji. Ukipanua miguu inapanda mmoja inashukia mwingine, kama ng'ombe." Akanishika mabega. "Wewe, usitoke juu ya kichuguu hiki. Umesikia? Hata akikuita, usiende. Ongea naye asisogee." Halafu akapanda baiskeli yake, nikamwona mgongo tu, anapotelea barabarani kuelekea ule moshi.

Mama jirani alitaka kuingia shambani kumvuta rafiki yake. Watu walimshika. Alikaa chini kwenye matope, akaanza kuomba kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwa ile sauti yake kubwa, na watoto wengine wakaanza kulia kwa kumsikia.

Nyanya alikuwa amenipa mgongo. Niliona visigino vyake vimegusana, na marinda ya gauni lake yakitetemeka ingawa upepo haukuwepo.

"Mjukuu wangu," aliita.

"Nyanya."

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwenye kichuguu."

"Kaa hapo hapo. Ongea. Nikisikia kimya nitaanguka."

Jaribu wewe kuongea ukiwa mtoto, na mtu wako wa pekee amesimama hivyo. Nilitafuta wimbo, nikakosa. Nilitafuta sala, nayo nikakosa. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, nikakitoa hicho hicho, kwa sauti ya darasani: "Masinga. Kamburu. Gitaru. Kindaruma. Kiambere."

"Hao ni akina nani?"

"Ni mabwawa, Nyanya. Ya stima. Huko Tana."

"Endelea."

"Olkaria ni ya mvuke, unatoka chini ya ardhi. Kipevu ni ya mafuta."

"Na hii iliyomuua ng'ombe wangu, inatoka wapi?"

"Hii inatoka kwa shamba la mkonge."

"Karibu hivyo?" alisema. Niliona anaanza kuyumba, nikapiga kelele nikaanza upya, Masinga, Kamburu, nikayarudia majina mpaka yakapoteza maana, nikayachanganya, nikaiweka Tana Mombasa na mvuke mtoni, na yeye kila nikisita alisema, "Endelea." Jenereta ilikuwa inanguruma muda wote huo. Nilikuwa naichukia kama unavyomchukia mtu. Nilikuwa naiambia moyoni, kufa, kufa, tafadhali kufa.

Ikafa. Hakuna aliyetuambia. Kimya tu kilishuka, na kikawa kibaya kuliko kelele, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni kweli. Watu walitazamana. Nyanya alibaki vile vile. "Nisisogee?" aliuliza. Hakuna aliyethubutu kumjibu, wala mimi. Tulingoja mpaka mwalimu akarudi na mlinzi wa geti, baiskeli wameiburuta kwa sababu mnyororo ulikuwa umekatika, na mlinzi ameinua juu kipini cha swichi kubwa, ameking'oa kabisa ili tukione kwa macho. Mwalimu ndiye aliyeingia shambani. Alienda hatua fupi fupi, akamshika Nyanya kiunoni, akambeba kama mtoto. Alipomfikisha jikoni akamweka chini, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akitapika.

Baadaye alirudi akapiga magoti mbele yake. "Nyanya, mimi ndiye niliyesema waya umekufa."

Nyanya alikuwa anakunywa maji, meno yakigonga kikombe. "Ulisema," alimjibu. "Halafu ukakimbia kwenda kuizima. Inuka, usiniharibie sakafu."

Ng'ombe tulimzika, hakuna aliyetaka nyama yake. Wenye shamba la mkonge walimletea Nyanya ndama, akamlea vizuri, ila hakuwahi kumpa jina. Miaka michache mbele shamba lenyewe likafa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, kibanda kikang'olewa mabati. Mwalimu alihamishiwa Taveta, na nasikia amestaafu. Nyumba ya Nyanya ilipofikiwa na stima hatimaye, alikubali taa, lakini swichi hakuigusa hata siku moja mpaka alipofariki. Alikaa gizani anangoja mtu aje. Ukiingia unasikia sauti tu: "Washa."

Juzi juzi nilienda Marungu. Vijana wana sola juu ya bati, wanachaji simu, na wanaimba huku wakipita chini ya waya bila hata kuinua macho. Sikuwalaumu. Giza la kwetu silitamani, wala ndovu, wala yale mafuta ya taa yaliyotuwasha macho. Lakini nilisimama barabarani nikasikia kitu kimeniondoka, nikachukua muda kujua ni nini. Siku ile kilichotaka kumuua Nyanya kilikuwa na mahali. Kilikuwa na geti, na mlinzi tuliyemjua, na mtu mwenye baiskeli aliweza kukifikia. Sasa wananiambia stima ya salonini kwangu ni ya maji ya Tana, na mvuke wa Bonde la Ufa, na upepo wa Turkana, na nyingine inavuka mpaka kutoka Ethiopia, zote zimechanganyika ndani ya waya mmoja unaopita juu ya mlango wanaoingilia wateja. Nina binti anayecheza chini yake kila siku akitoka shule. Huwa namtazama kupitia dirisha, na najiuliza, siku ikitokea, nitakimbia kwenda kumgongea nani?