Ufa Chini ya Rangi Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya magari kule Mkolani, Fundi Mkuu alinikabidhi brashi ya waya na bloku ya injini iliyoganda grisi. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Umewahi kupaka rangi nini?"

"Nyumba ya baba, Bukoba."

"Basi sahau. Ukuta hauchemki."

Alinifundisha kuosha bloku kwa mafuta ya taa, kukwangua kutu hadi chuma king'ae, kuifuta kwa thina na kuziba matundu kwa tepu ya karatasi. Kisha praima, ile rangi ya chini inayoshika chuma, na juu yake rangi inayostahimili joto, mara tatu, nyembamba. Yeye alichagua kijivu, ili dereva akifungua boneti aone mapema oili au maji yanapovuja. Kabla ya praima tulitafuta nyufa: unapaka mafuta ya taa, unafuta, unanyunyizia unga wa chaki. Penye ufa, mafuta hurudi juu na chaki hulowa.

Baadaye nilihamia karakana kubwa ya Butimba, chini ya Meneja wa Karakana, mtu mpole aliyependa nyeusi.

"Nyeusi haionyeshi uchafu," alisema.

"Wala uvujaji, bosi," nilimjibu. Akacheka, na rangi ikabaki nyeusi.

Ndipo ikaletwa injini ya gari la wagonjwa la zahanati moja upande wa Kisesa. Nilipoiosha niliona mstari mwembamba kama unywele karibu na silinda ya pili. Nikaweka chaki. Kavu. Nikarudia. Kavu. Meneja akaja, akainama, akaizunguka bloku yote.

"Hiyo alama ya kiwandani," akasema. "Paka, mama Kemi. Gari linasubiriwa."

Nikapaka. Upande wa pili sikuupima. Mpaka leo siwezi kusema kwa nini. Labda ni haraka yake, labda ule mstari ulikuwa umeshanichosha macho.

Hazikupita wiki mbili, dereva wa zahanati akaja kwa miguu, shati limeloa jasho.

"Injini imechemka ikazima njiani, nilikuwa na mama mjamzito ndani. Kajifungulia humo humo garini."

"Wako hai?"

"Wote wawili. Mungu tu."

Tulipoifungua injini, mstari wangu ulikuwa alama ya kiwandani kweli. Ufa ulikuwa upande ule mwingine. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo, na juu ya nyeusi hakuna aliyeyaona.

Mwenye karakana akatukusanya. "Nani aliipima bloku hii?"

Nilifungua mdomo. Meneja akanitangulia. "Mimi ndiye niliyeipitisha. Kosa ni langu."

Mwezi ule ule aliachishwa kazi. Mimi nilinyamaza, nikaendelea kupaka mabloku ya watu hadi nilipostaafu, nikaagwa kwa keki na kitenge. Walinisifu kwa uangalifu. Nilitazama chini.

Baada ya kustaafu nilimtafuta yule Meneja nyumbani kwake. Nilimkuta barazani, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamweleza yote: upande wa pili sikuupima, na siku ile nilimwacha abebe mzigo wangu.

Alikoroga chai yake.

"Ule ufa niliuona kabla hujapaka," akasema. "Nilidhani utahimili."

Sikujua nishike lipi. Kama aliuona, basi aliliachia gari la wagonjwa liende na injini mbovu, nami nimejilaumu miaka yote bure. Kama hakuuona, basi amenidanganya ili nilale usingizi, na ananibebea mzigo kwa mara ya pili. Nilimtazama usoni nikitafuta jibu. Akanisogezea sahani ya mihogo.

Nimeshakwenda kwake mara nyingi tangu siku hiyo. Tunaongea habari za wajukuu na mvua. Swali ninalo kila ninapobisha hodi, na kila mara naondoka nalo, kwa sababu sijui ni jibu lipi kati ya hayo mawili ningeweza kuishi nalo.