Mkungu Usio na Kamba

Shemeji Gaudiosus, mdogo wake mume wangu, alikaa nasi hapa Ihembe msimu mmoja tu wa kahawa. Lakini hadi leo nikifagia chumba cha uani namwona alivyokuwa anaisemesha kompyuta, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Kazi yake ilikuwa vijisanduku vya kulinda friji za chanjo. Friji ikipata joto, kijisanduku kinamtumia nesi ujumbe. Kimoja kilikuwa cha zahanati yetu, na Placidia wangu, wakati huo bado wa mgongoni, alikuwa anasubiri chanjo za hapo.

"Humu ndani, Mama Placidia," aliniambia, "kuna kiini kinachogawa nafasi za kumbukumbu kwa kila kazi. Kazi ikiisha bila kurudisha nafasi yake, tunasema imevuja. Zikivuja nyingi, sanduku linaduwaa, chanjo zinaharibika, na hakuna atakayejua."

Kwa hiyo kulikuwa na programu ya kukagua. Inazunguka, na ikikuta nafasi isiyoshikwa na yeyote, inapiga kelele. Kuna nafasi moja ilipigiwa kelele siku nzima. Shemeji alitafuta mwenyewe wake, hakumpata.

"Naifuta tu," akasema, akainuka akatukatie ndizi za mchana.

Sasa, mama mkwe wangu Verdiana ana desturi yake. Mkungu aliomwahidi mtu anaufunga kamba ya mgomba mkavu. Usio na kamba, kata ule. Shemeji akarudi na mkungu begani, anaimba wimbo wa kanisani.

"Mawe!" Mama akamaka kwa Kihaya, akaacha kuchambua maharage. "Gaudi, umekata ndizi za Jovitha!"

Jovitha ni jirani, alikuwa ametoka kujifungua.

"Mama, hauna kamba! Nimeuzunguka mgomba wote."

"Kamba ya nini? Nilimwambia Jovitha mwenyewe, nyumbani kwake."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza! Au mdomo uliuacha Dar?"

Nilicheka mpaka Placidia akaamka. Shemeji akaubeba mkungu hadi kwa Jovitha, akarudi, akapita sufuria ya chakula bila kuitazama. Baadaye akaniita chumbani kwenye kompyuta.

"Nilikuwa natafuta humu ndani tu, kama kamba kwenye mgomba. Kumbe nafasi ile ameahidiwa kipimajoto cha friji, aliye nje ya kiini. Anwani yake anayo yeye, na programu haiingii kwake kuuliza. Ningeifuta ikapewa kazi nyingine, yeye angeendelea kuandika humohumo, juu ya vitu vya watu."

"Basi inyamazishe hiyo programu, inakusumbua."

"Hii moja naifunga kamba, isipigiwe kelele tena. Lakini nikifunga kila mkungu shambani, kamba itakuwa na maana gani?"

Jioni bosi wake akapiga simu. Nilikuwa naanua kahawa, nikasikia upande mmoja tu.

"Hapana, bosi, sizimi kelele zote... Ndiyo, nyingi ni za uongo, lakini sijui zipi... Basi mpe mwingine hiyo kazi, mimi siwezi kuzima zote. Mtoto wa kaka yangu anachanjwa hapo."

Kisha: "Asante. Jumatatu nitakuwa nimemaliza."

Alizikagua kelele zile moja moja. Nyingine zilinyamaza zenyewe programu ilipopita mara ya pili. Nafasi zake zilikuwa ndiyo kwanza zinapokezanwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Zilizokuwa na wenyewe akazifunga kamba. Ikabaki moja ambayo haikuwa na mtu popote, si ndani si nje. Ilikuwa inavuja kweli, kidogo kidogo, kila umeme ulipokatika. Akaitengeneza, akalala mchana kutwa.

Sasa yuko Dodoma, na chumba cha uani tunawekea kahawa. Juzi nilimpeleka Placidia kwa chanjo. Alimlilia nesi vizuri sana, na kijisanduku kipo ukutani, taa yake ya kijani inawaka.

Mama siku hizi anafunga kamba hata mikungu aliyoahidi kwa mdomo. Jana nimeuona mmoja karibu na uzio, ndizi zake ndiyo zinaanza kujaa, na kamba tayari.

"Mama, huu wa nani?"

"Wa Gaudi. Anakuja Pasaka."