Habari Njema kwa Mikono

Kanisa letu la mjini Kitale lina desturi ya kutoka kwenda kuhubiri vijijini kila mwaka, mahindi yakishapaliliwa na watu wakipata nafasi ya kupumua. Mwaka ule tulipangiwa Endebess. Asubuhi tulitembea nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na alasiri tukakutana uwanjani karibu na soko kwa mkutano wa hadhara. Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na si mtu wa kushika kipaza sauti. Kwa hiyo nilipangwa pamoja na mchungaji wetu: yeye aseme, mimi niimbe na kumshika mkono anayelia.

Katika boma moja lililo chini ya barabara tulimkuta mama mjane akipepeta maharagwe.

"Bwana asifiwe, mama," mchungaji akasema.

"Amina. Karibuni. Ni Mungu amewaleta." Hakungoja tukae. Aliweka ungo chini, akamshika mchungaji mkono. "Kujeni muone mtoto yangu. Hasikii. Alishikwa na homa akiwa mdogo, ikaenda na masikio yake. Mumuombee asikie. Hata jina yake tu."

Huyo mtoto alikuwa mwanamke mzima, wa rika la wadogo zangu. Alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe akikamua, amevaa viatu vya gambuti, ametugeuzia mgongo. Hakujua kama tumefika. Mchungaji alipomwekea mkono kichwani aliruka, ndoo ikapinduka, maziwa yakaingia matopeni. Mama yake akamshika asikimbie, nasi tukaomba. Sisemi haya kwa kejeli, maana tuliomba kwa moyo wote. Mchungaji alitokwa na jasho katika baridi ile ya mlimani, na mimi nililia. Tulipomaliza, mama alizunguka nyuma ya binti yake akamwita jina, polepole kwanza, halafu kwa sauti ya juu. Binti hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi na machozi yangu, kisha akamtazama mchungaji anavyojifuta uso. Akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akaelekeza kidole ardhini. Halafu akafungua mikono yote miwili mbele yetu, akingoja jibu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mama alikuwa ameinama. "Anauliza nani amekufa. Akiona watu wamevaa vizuri, wanakuja pamoja, wanalia, anajua ni matanga."

 Mama alimpungia mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi, na binti akaokota ndoo akaenda kuiosha.

Tulipanda kurudi barabarani. Karibu na soko mchungaji alisimama. "Dada," akasema, "tumeenda pale na Habari Njema, na yeye amepokea tanzia." Jioni hiyo uwanjani alihubiri kwa ufupi kuliko siku yoyote niliyopata kumsikia.

Nilirudi Kitale lakini mikono ile iliyofunguliwa haikuniacha. Nikiwa kwenye cherehani naiona. Nikisonga ugali naiona. Basi nilikumbuka kwamba wifi yangu, mke wa kaka yangu, anafundisha watoto viziwi huko Bungoma, nikafunga kibanda nikaenda kwake.

"Nifundishe kumwambia mtu kwamba Yesu anampenda," nikamwambia kabla hata chai haijaiva.

Alicheka. "Huyo mtu alienda shule?"

"Hapana. Amekaa na mamake maisha yake yote."

"Basi ishara zangu hatazijua. Hii ni lugha, wifi, watu wanajifunza kama vile wewe ulijifunza Kiswahili ukitoka kwa Kibukusu. Yeye na mamake watakuwa na zao za pale nyumbani, hata kama ni chache. Enda kwanza ujifunze zake, ndiyo polepole umpe hizi za wenzake. Na usianze na Yesu. Anza na ng'ombe."

Nilikaa naye hadi jioni akinionyesha la kufanya na la kutofanya. Kiziwi humshtui kutoka nyuma. Ukitaka kumwita unapunga mkono akuone, au unamgusa begani. Uso wako nao uongee, kwa sababu uso ndio sauti. Tangu hapo nilikwenda kwake kila nilipopata Jumamosi, vidole vyangu vikachoka kuliko siku za kushona.

Niliporudi Endebess nilikwenda peke yangu. Mama yake alinitazama kwa wasiwasi.

"Kanisa yenu inatafuta nini kwangu? Mimi sina kitu."

"Nimekuja kusaidia kukamua, mama."

"Wewe wa taoni unajua kukamua?"

"Nimezaliwa kijijini, Naitiri. Nilikamua kabla sijajua kusoma."

Kumbe mikono husahau. Ng'ombe alinipiga mkia usoni, akasogea, akanipa matone mawili matatu tu. Binti akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kisicho na kipimo, cha mtu asiyejisikia akicheka, nikapenda kukisikia tangu siku ile. Alinisukuma kando, akachukua vidole vyangu, akavipanga kwenye chuchu za ng'ombe kimoja kimoja.

Ndivyo tulivyoanza. Nilikwenda Alhamisi, siku ambayo kibanda changu hakina wateja wengi. Nilijifunza ishara zake: ng'ombe ni vidole viwili pembeni mwa paji, na yule mkaidi aliyevunjika pembe ni kidole kimoja. Mama ni kufunga kitambaa kichwani. Mnunuzi wa maziwa ni tumbo lililotangulia. Mchungaji alikuwa kiganja kinachokandamiza utosi, na hapo alikunja uso kuonyesha uzito wake. Nilipomuuliza jina langu mimi, alipitisha kidole chini ya jicho, kama anayefuta chozi. Sikulikataa, nimelizoea mpaka leo.

Nami nilimpa za wifi yangu, kidogo kidogo. Alizipokea kwa njaa. Neno nililomfundisha wiki hii, wiki ijayo nilimkuta amelichosha kwa kulitumia, anawaambia ng'ombe, anamwambia mamake asiyelielewa. Mama alikuwa akikaa mbali na sisi, mlangoni pa jiko. "Mimi na yeye tunaelewana," aliniambia. "Namuonyesha kuni, analeta. Namuonyesha maji, analeta." Nilijiuliza moyoni: na mambo ambayo hayaletwi kwa ndoo, anaambiwa na nani?

Mahindi yakavunwa. Siku moja tulikuwa watatu uani tukipukuchua, mama akiwa upande wake wa turubai na sisi upande wetu. Binti akaacha gunzi mkononi, akanigusa. Alishika ukingo wa kofia asiyokuwa nayo. Akakohoa, akishika kifua. Akalala. Akaonyesha sanduku, akaonyesha shimo. Kisha akaonyesha watu wakitupa udongo, mmoja, mwingine, mwingine, wa mwisho akifunga kitambaa kichwani. Akanitazama, macho yamejaa, akafungua mikono. Ishara ya kosa nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, siku ng'ombe walipoingia shamba la jirani. Akaitumia sasa.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilimgeukia mama.

"Mama," nikasema, "anauliza kuhusu babake, huyo wa kofia. Anauliza alikosa nini mpaka watu wote mkamtupia udongo. Hata wewe."

Mama aliacha kupukuchua. Kaburi lilikuwa pale pale upande wa migomba, msalaba wa mbao umeinama. Mume wake alizikwa binti akiwa msichana mdogo, wa kuchunga ndama.

"Hakuna mtu alimwambia?" akauliza, kana kwamba ananiuliza mimi. Kisha akajijibu. "Nani angemwambia? Sisi wote tulikuwa tunalia. Nilidhani anajua. Nilidhani mtu anajua tu."

"Mwambie sasa, mama. Mimi nitamwonyesha."

Akasogea upande wetu wa turubai. Alieleza polepole, nami nikageuza maneno yake kuwa mikono kadiri nilivyoweza. Kwamba baba aliugua kifua. Kwamba walimpeleka hospitali Kitale na madaktari wakajaribu wakashindwa. Kwamba hakukosa kitu. Kwamba udongo ule haukuwa wa hasira, walikuwa wanamsindikiza, na kila mtu anayempenda hutupa wake.

"Na umwambie…" Mama akasita. "Hapana, hii wacha nimwambie mwenyewe." Akamgeukia binti yake, akagonga shavu lake kwa kidole, mara mbili, mahali ambapo binti ana kibonyo anapocheka. Niliambiwa baadaye kwamba hilo ndilo jina ambalo baba alimwitia, yeye peke yake, na tangu azikwe halikutumiwa tena pale nyumbani. "Siku ya mwisho hospitalini," mama akaniambia, mkono bado shavuni, "sauti ilikuwa imeisha. Alikuwa anafanya hivi tu. Anamuita."

Binti aliishika mikono ya mama yake, akaitazama kama kitu kipya.  Nami nikaendelea kupukuchua.

Baadaye alinigusa tena, akaonyesha kaburi. Bado yuko humo?

Nilikuwa nimejifunza kuisimulia hadithi ya Yesu kule Bungoma, nikiirudia mbele ya wifi yangu mpaka ananiambia nipunguze mbwembwe. Lakini pale uani niliisahau nusu, nikaisema kwa ishara zetu tulizotengeneza wenyewe. Kwamba kuna mmoja, mwana wa Mungu, alizaliwa zizini. Aliitikia kwa kichwa, zizi analijua. Kwamba aligusa wagonjwa ambao watu waliogopa kuwagusa. Kwamba walimchukia, wakampigilia misumari hapa na hapa, nikabonyeza kiganja kimoja, nikabonyeza kingine. Kwamba aliwapenda hata hao. Akafa, akazikwa. Siku ya tatu akatoka, mzima.

Hapo alisimama. Alinivuta mkono mbio hadi kwenye migomba, magunzi yakitawanyika miguuni petu, akaonyesha udongo, akashika ukingo wa kofia. Na huyu?

Nikamwambia bado. Amelala. Yule mwenye alama viganjani atakuja, atawaita waliolala, nao watatoka.

Alifikiri sana. Akajionyesha kifuani, halafu akaonyesha sikio lake na kupunga kidole kukataa. Swali hilo sikuhitaji mtu anieleze. Akiniita mimi, nitasikiaje?

Nimehudhuria semina nyingi za wanawake wa kanisa, nimesikia mafundisho mengi, lakini swali hilo halikuwahi kuulizwa huko. Nilisogea nikamgusa begani, taratibu, kama wifi yangu alivyonifundisha. Atakuita hivi, nikamwambia.

Aliinua mkono wake akaufunika juu ya mkono wangu pale begani, akaubana. Tulikaa hivyo mpaka mama akatufuata kuuliza kuna nini.

Tangu siku ile mama hakukaa tena mlangoni pa jiko. Alijifunza ishara kwa taabu tupu, vidole vyake vimekakamaa kwa jembe, na binti alikuwa mwalimu asiye na subira, anamkunja vidole na kumcheka. Wifi yangu alitualika Bungoma, kwenye ibada ndogo ya viziwi wanayofanya katika darasa moja Jumapili alasiri. Binti aliposimama mlangoni na kuona chumba kizima kinaongea kwa mikono, wengine wakibishana, wengine wakichekeshana, aligeuka akamtazama mamake kana kwamba amefichwa jambo. Kisha akaingia. Jioni tulishindwa kumtoa. Ishara za shule hakuzijua nyingi, lakini hilo halikumzuia. Mama aliketi kando yangu na soda yake, akatikisa kichwa. "Ati huyu ndiye nilikuwa nasema hana maneno," akasema. "Bana, huyu ni mtu wa kuongea sana."

Binti aliomba ubatizo mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka. Mchungaji alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba nimfundishe. "Sitaki umtafsirie," akasema. "Nataka aone nikimwambia mimi." Mikono yake ni mizito, amezoea kuipungia umati. Tulifanya mazoezi kati ya wateja, na watoto wa shule waliokuja kupimwa sare wakatuona tumerukwa na akili.

Tulikwenda mtoni, maji yanayoteremka kutoka mlimani. Mchungaji aliingia hadi kiunoni, akamngoja amfikie, akasimama mbele yake si nyuma. Hakumwekea mkono kichwani. Alimwomba msamaha kwanza, kiganja kikizunguka kifuani, na hilo sikumfundisha mimi, alilitafuta mahali pengine. Binti alimtazama, akatabasamu, akamgonga kifua kama anayesema yameisha. Ndipo mchungaji akamwambia kwa mikono anambatiza kwa jina la nani, polepole, akikosea moja na kulirudia. Akamzamisha.

Alitoka majini akitetemeka, nguo zimemganda mwilini, akapanda ukingo moja kwa moja hadi kwa mama yake. Akaanza kuongea kwa mikono, haraka haraka, matone yakiruka. Ilikuwa habari ya baridi, na ya mawe ya mtoni kuuma miguu, na ya mchungaji kutetemeka kuliko yeye. Na katikati ya hayo akabonyeza kiganja kimoja, kisha kingine, akajionyesha kifuani.

Nilimwinamia mama nianze kumweleza.

"Wacha," akasema. "Nimesikia."

Akafungua leso kiunoni mwake, akamfunika binti yake mabega, akaanza kumkausha nywele.