Hamira kwa Unga

Fundi cherehani wa nyuma ya soko alikuwa akikutazama mara moja tu unapoingia mlangoni, akajua kiuno chako. Lakini mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulimshinda. Humo, kusoma habari na kuielewa hakukumpa shida. Kilichomtoa jasho ni maswali ya mlinganisho, yale ya "hiki kwa kile ni kama hiki kwa kipi?" Ndiyo yaliyomwangusha mwaka uliopita. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana mwakani angevuka umri unaopokelewa. Naye uuguzi aliutamani tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, muuguzi asiyemfahamu akamshika mkono mpaka mtoto akalia.

Basi akamwendea wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa darasa la sita mwenye ulimi mkali kama wembe.

"Mkasi kwa kitambaa ni kama msumeno kwa nini?" wifi aliuliza, amekaa juu ya meza ya kukatia nguo, miguu inaning'inia. "Seremala, ubao, au meno?"

"Seremala," Fundi akajibu upesi. "Msumeno ni wa nani kama si wake?"

"Haya, mke wa kaka! Mkasi unakata kitambaa, na msumeno unamkata seremala. Maskini mkewe!"

Fundi alicheka mpaka chaki ikamponyoka. Lakini kosa lenyewe lilikuwa la kifundi hasa. Alizoea kuweka uzi mwekundu na vifungo vyekundu kwenye kopo moja, na maneno nayo aliyapanga vivyo hivyo: yanayokaa pamoja, kopo moja.

"Achana na makopo yako," wifi alisema. "Tunga sentensi kwanza. Mkasi hukata kitambaa. Sasa toa maneno hayo mawili, weka mengine, sentensi ibaki ile ile."

Fundi akainua macho kwenye karatasi ngumu zilizotundikwa ukutani, moja umbo la kola, nyingine la mkono wa shati.

"Kumbe ni kama hizi," akasema polepole. "Umbo ni lile lile, ninabadilisha kitambaa tu."

"Hapo sasa! Na sentensi ikipwaya, majibu mawili yataenea humo. Ibane."

"Kiunoni?"

"Popote inapopwaya, wifi yangu."

Tangu siku hiyo wifi alipitia pale kila atokapo shuleni, madaftari ya kusahihisha kwapani, akauliza maswali huku Fundi akikanyaga cherehani. Hakuwahi kudai chochote, ila haki ya kutania.

Siku ya mtihani, habari ya kusoma ilihusu kiwanda cha mikate. Wafanyakazi walichoka kabla ya kupambazuka, na msimamizi wao akawa anawatupia mzaha mmoja mmoja, wakachangamka hadi kazi ikaisha. Kisha swali: "Kwa mujibu wa habari hii, hamira kwa unga ni kama mzaha kwa nini?" Majibu yalikuwa msimamizi, tanuri na wafanyakazi.

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwa msimamizi. Mzaha ni wa nani kama si wake? Ghafla akamkumbuka yule seremala aliyekatwa na msumeno, akarudisha kalamu. Akatunga sentensi: hamira huingia kwenye unga. Inapwaya, karibu kila kitu huingia kwenye kitu. Akaibana: hamira kidogo huinua unga mwingi. Mzaha kidogo huinua wafanyakazi wengi.

Akaweka alama yake. Halafu, mle mle ndani ya chumba cha mtihani, machozi yakamlengalenga, maana alijua ni nani aliyemwinua yeye.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu. Mumewe alikimbia na habari hadi shuleni, akakuta dada yake amekwisha kuzisikia na anashangilia mbele ya darasa zima.

Sare ya chuo Fundi alijishonea mwenyewe. Wifi akapiga magoti sakafuni kumkunjia pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Asante, wifi," Fundi alisema. "Kwa masomo, na kwa kunicheka."

Wifi hakuweza kujibu. Alitikisa kichwa tu, akachomeka pini nyingine, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wawe mawifi Fundi kumwona amenyamaza.