Kikopo cha Vidonge

Mume wangu hukata boriti kwenye misitu ya Kwale, wiki mbili kambini, siku nne nyumbani kwetu Bondeni. Huko hulala watu sita chini ya turubai moja, na mbu wa msituni hawana adabu. Kila safari mmoja wao hurudi na malaria.

Mimi si mkono wa birika. Niliposikia wenzake hawana dawa, nilipita kwa majirani nikiomba vidonge vya malaria vilivyobaki. Kwetu havikosekani, maana homa ikishuka siku ya pili, mtu huacha kumeza na kuweka vilivyosalia kabatini. Nikavijaza kwenye kikopo cha majani ya chai, vya rangi zote, nikampa apeleke kambini. Wanaume wale walinitumia salamu na asali. Nilijiona mtu mwema sana, na nilipenda kusifiwa.

Mvua za masika zilipokolea, homa ikamshika mume wangu mwenyewe. Alitoa vidonge vitatu kikoponi, akapata nafuu, akarudi kushika shoka. Siku ya nne wenzake walimvusha feri ya Likoni akiwa amelala juu ya magunia. Nilipomwinamia akaniamkia shikamoo, akidhani mimi ni marehemu mama yake.

Hospitalini muuguzi alikitoa kile kikopo mfukoni mwa mume wangu.

"Nani alowapa dawa hizi?"

"Ni mimi."

Afadhali angenifokea. Alinieleza taratibu kwamba vidonge vichache hutuliza homa na kuuacha ugonjwa damuni, na kwamba kila mgonjwa apimwe, apewe dozi yake, aimalize.

Siku tano nilikaa kando ya kitanda nikiuogopa ujane. Ya sita akaomba chai, akaniita kwa jina langu. Nililia mbele ya wodi nzima wala sikuona haya.

Tuliporudi nyumbani, hata buibui sijavua, jirani akapiga hodi. Mkononi alikuwa na vidonge kwenye karatasi.

"Shoga, pole na mgonjwa. Mwanangu homa imeshuka tangu jana, yuwacheza. Hivi vimesalia, nimekuwekea vya wale wa msituni."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimshika mkono, vidonge vikiwa humo humo, nikamrudisha kwake mbio, nikaomba maji mtoto amezee.